Rupia ya Surat kwenye mkufu wa bibi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Marehemu bibi yangu aliniachia sarafu ya fedha iliyotiwa kipete cha kuvalia kwenye mkufu. Ni ndogo lakini nene, haina picha, na pande zote mbili ina herufi za Kiarabu ingawa maneno mengine siyaelewi. Upande mmoja nimesoma 1110, upande wa pili 42, na chini kabisa neno kama "Surat". Sonara ameipima akapata gramu 11.9 pamoja na kipete. Anasema ni rupia ya Mughal, na kwamba akikitoa kipete na kuisugua itapata bei nzuri. Mimi siiuzi. Imenitia hamu ya kutafuta nyingine. Je, ni ya kweli? Na mtu wa mshahara kama wangu aanzie wapi bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako, sarafu hiyo ina kila dalili ya kuwa ya kweli, na neno la sonara silo lililonishawishi. Nimeshawishika na zile namba mbili.

Rupia za Aurangzeb, mfalme wa sita wa Mughal, nasaba ya Kiislamu iliyotawala India, zina tarehe mbili. Upande wenye jina la mfalme kuna mwaka wa Hijria. Upande wenye jina la mji kuna mwaka wa utawala, yaani ni mwaka wa ngapi tangu mfalme akalie kiti. Aurangzeb alimpindua baba yake, Shah Jahan, mwaka 1658, na miaka yake ikahesabiwa kuanzia Ramadhani ya mwaka 1068 Hijria. Sasa hesabu nami. Mwaka wa kwanza unaanza Ramadhani 1068, wa pili Ramadhani 1069, na ukienda hivyo hivyo, wa 42 unaanza Ramadhani 1109 na kwisha Shaabani 1110. Basi sarafu yenye 1110 huku na 42 kule haina pa kuingia ila katika miezi minane, Muharram hadi Shaabani 1110, ambayo kwa kalenda ya ofisini ni Julai 1698 hadi siku za mwanzo za Machi 1699. Ungeniambia 1110 na 43, ningekubali pia, maana Ramadhani ya mwaka huo ndipo wa 43 ulipoanza. Ungeniambia 1110 na 35, ningekunja uso.

Kwa mtu wa Mombasa miezi hiyo si migeni. Desemba 1698 ndipo Waomani walipoingia Ngome ya Yesu, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Wakati bendera ya Mreno inashushwa pale Ngomeni, wagongaji wa Surat, bandari ya India upande wa pili wa bahari ile ile, walikuwa wakipiga sarafu zenye namba zilizo kwenye mkufu wako. Lakini usije ukawaambia watu kwamba ilikuja na majahazi ya mwaka huo. Rupia ziliendelea kuzunguka vizazi na vizazi, na hiyo yako yaweza kuwa ilitua pwani miaka 200 baadaye kwenye kibindo cha mfanyabiashara wa Kigujarati. Tarehe inatuambia ilipigwa lini. Ilifikaje kwa bibi ni jambo la kuwauliza wazee wenu, na uwaulize mapema.

Uzito nao unakubali. Rupia ya kawaida ya Mughal ilipigwa kwa karibu gramu 11.5, na baada ya kuchakaa hukuta 11.2 au 11.4. Toa nusu gramu ya kipete na risasi ya kuunganishia, unabaki palepale. Kipimo hiki hakikuasisiwa na Wamughal wenyewe. Babur, mfalme wao wa kwanza, na mwanawe Humayun walipiga sarafu pana na nyembamba za mtindo wa Asia ya Kati, zilizoitwa shahrukhi, zisizofika hata nusu ya uzito huo. Aliyeleta rupia nene ni adui yao, Sher Shah Suri, aliyemfukuza Humayun India mwaka 1540. Wamughal waliporudi, Akbar, mwana wa Humayun, akaikuta rupia ya adui ni nzuri, akaiendeleza. Nalipenda sana jambo hili: nasaba ikarudi kitini, lakini sarafu ya mshindani ikabaki. Jina lenyewe latokana na neno la Kisanskriti la fedha iliyofuliwa, ndilo hilo babu zetu walilolitamka "rupia" walipohesabu mishahara yao kabla ya shilingi kuingia miaka ya 1920.

Sasa tuje kwenye hamu yako ya kukusanya. Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka unichoke: nunua sarafu unayoweza kuisoma. Mng'ao, hadithi ya muuzaji, sanduku la mahameli, vyote viache. Sarafu ya Mughal ni karatasi ya chuma. Picha hazimo ila mara chache mno, kwa hiyo thamani yake yote imo katika maneno, na mnunuzi asiyeyasoma anamnunua muuzaji.

Usiniambie kwamba Kiajemi, lugha ya maandishi hayo, hukijui. Umeshasoma msahafu tangu utotoni, na Kiswahili kimekupa nusu ya msamiati. Chukua upande wenye mji. Maneno yake kwa kawaida ni *zarb Surat, sanah 42 julus maimanat manus*, na mara nyingi husomwa kutoka mstari wa chini kwenda juu, ndiyo maana Surat umeikuta chini kabisa. *Zarb* ni pigo. Ni neno lile lile tulilolipata sisi kwa Kiarabu tukasema dharuba. "Zarb Surat" ni kusema "imepigwa Surat". *Sanah* ni mwaka. *Julus* ni kukaa, yaani kukalia kiti cha enzi, na ndugu yake ni majilisi. *Maimanat manus* ni maneno ya kuuombea utawala heri na baraka. Na hata hili neno sarafu lina ukoo na sarraf, mvunja fedha, ambaye tutakutana naye hapa chini.

Upande wa mfalme ni ubeti wa mishororo miwili: *Sikka zad dar jahan chu badr-i munir, Shah Aurangzeb Alamgir*. Maana yake, Shah Aurangzeb Alamgir amepiga sarafu duniani mithili ya mwezi mpevu ung'aao. Badru na Muniri umewasomesha darasani, sivyo? Kwenye sarafu za dhahabu waliondoa mwezi wakaweka jua, *mihr*, kwa sababu dhahabu rangi yake ni ya jua. Shairi hilo lina sababu yake. Shah Jahan, baba mtu, alikuwa ameandika Kalima, yaani shahada, kwenye rupia zake, na pembeni majina ya makhalifa wanne. Aurangzeb, mtu wa dini kali, aliiondoa Kalima asije akaishika asiyestahili au ikaangukia mahali pachafu. Hivyo ukiona rupia ya mtindo wa Mughal yenye Kalima, umri wake unaelekea kwa Shah Jahan au miaka ya mwanzo ya Akbar, na ukiona maneno ya mwezi mpevu uko kwa Aurangzeb. Huo ni utambuzi wa sekunde kumi, na kwa mwanzo unatosha.

Kazi ngumu ni moja. Chuma cha muhuri kilichotumika kugongea kilikuwa kipana kuliko kipande cha fedha, kwa hiyo maandishi yote hayakuenea. Sarafu moja imebakiwa na mkia wa jina la mji, nyingine imekatika tarehe. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, na neno "karakana haisomeki", yaani mji ilikopigwa hausomeki, ndilo linalopunguza bei kuliko uchakavu. Wewe una Surat, una Hijria, una mwaka wa utawala, vyote vitatu kwenye kipande kimoja. Wapo watu wananunua kumi kabla ya kupata hiyo.

Tarakimu nazo zina hila. Nne ya Kiajemi haifanani na ya msahafu, vivyo hivyo tano na sita, na sifuri ni kitone kinachoweza kuchanganywa na mapambo au kufutika kabisa. Mwaka wa kwanza wa mfalme mara nyingi hauandikwi kwa namba. Huandikwa *ahad*, "mmoja", neno la Suratul Ikhlas. Kuugeuza mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kwa yako: 1110 mara 0.97 ni 1076.7, ongeza 622, unapata 1698 na kitu. Ila jihadhari na Akbar. Kuanzia mwaka 1584 alianzisha kalenda yake ya jua, aliyoiita Ilahi, ikihesabiwa tangu alipotawazwa mwaka 1556, na rupia zake za mwishoni zina mwaka wa Ilahi na jina la mwezi wa Kiajemi badala ya Hijria. Ukiigeuza hiyo kwa hesabu ya 0.97 utajikuta enzi za masahaba.

Umeniuliza mtu wa mshahara wako aanzie wapi. Aanzie Surat, kwa kuwa tayari umo ndani. Wengi huanza na mpango wa kutafuta sarafu moja ya kila mfalme, kuanzia Babur hadi Bahadur Shah wa pili, aliyeondolewa na Waingereza mwaka 1857. Mpango huo unapendeza kwenye karatasi, kisha unakwama. Mwaka 1719 peke yake kulikuwa na wafalme wa kupita ambao sarafu zao ni chache na ghali, na za Bahadur Shah wa pili ndizo za kuotea ndoto. Mji mmoja una mwisho unaoonekana. Surat iliingia mikononi mwa Akbar mwaka 1573, na ndiyo iliyokuwa lango la bahari la dola nzima: mahujaji waliondokea pale kwenda Makka, vitambaa vya Gujarat vilitoka kuja pwani yetu, na pembe za ndovu zetu zilikwenda huko. Kwenye baadhi ya sarafu mji umepewa lakabu *Bandar-i Mubarak*, Bandari Iliyobarikiwa. Miji mingine nayo ilikuwa na lakabu zake: Multan ni *Dar al-Aman*, Delhi ya Shah Jahan ni *Dar al-Khilafat*. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakizisoma watajiona wako nyumbani.

Kwa Surat, rupia za Aurangzeb ndizo nyingi kuliko zote na bei yake haitakuvunja. Za Shah Jahan zinapatikana. Za Jahangir, mwana wa Akbar, utazingoja kidogo. Kwa Akbar usihangaike na Surat, chukua ya Ahmadabad, mji wa jirani, ambayo ni tele. Halafu shuka kwa wafalme wa baadaye, Farrukhsiyar na Muhammad Shah, mpaka Shah Alam wa pili. Hapo kuna mtego mtamu. Kampuni ya Waingereza ya Mashariki ya India iliendelea kupiga rupia kwa jina la Shah Alam hata baada ya kufa kwake mwaka 1806, mpaka mwaka 1835 walipothubutu kuweka sura ya mfalme wao. Walizigandisha tarehe. Utaona rupia ya "Surat" yenye mwaka wa utawala 46 na Hijria 1215, na kwa hesabu niliyokufundisha utasema ni bandia, maana mwaka wa 46 wa Shah Alam unaangukia 1218. Si bandia. Ni karani wa Kampuni aliyekuwa na haja ya sarafu zinazofanana na hakujali mwaka. Ukingo wake umenyooka na duara lake ni la mashine, utaitambua.

Utauliza fedha yote hiyo ilitoka wapi, kwa kuwa India yenyewe haina migodi ya fedha ya kutosha. Ilitoka ng'ambo ya Atlantiki, Mexico na Potosí katika Bolivia ya leo, ikapigwa kuwa reale, sarafu za Kihispania, ikapitia Ulaya na bandari za Mocha na Basra, au ikabebwa na meli za Waholanzi na Waingereza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ilipofika Surat haikuruhusiwa kutembea sokoni na nembo ya Mhispania. Mwenye mali aliipeleka karakana ya mfalme, ikayeyushwa na kusafishwa, akalipa ada, akatoka na rupia. Ndiyo sababu fedha ya Mughal ni karibu safi. Huenda chuma kilicho shingoni mwako kilichimbwa na Mhindi Mwekundu wa milima ya Andes.

Sasa yule sarraf. Tazama kwa kioo cha kukuzia kama sarafu yako ina vidoti au vialama vidogo vilivyogongwa juu ya maandishi. Hivyo ni vya wavunja fedha, waliokuwa wakihakikisha kwamba ndani ni fedha tupu na si shaba iliyopakwa. Walikuwa na kazi nyingine pia. Rupia ya mwaka huu, iliyoitwa sikka, ilipokelewa kwa thamani yake kamili. Ya miaka ya nyuma ilikatwa kidogo, hata kama uzito haujapungua. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu ulikuwa na bei. Fikiria kondakta wa matatu anavyoigeuza noti iliyochakaa, kisha umpe mizani na daftari. Alama hizo zinapunguza bei kwa wakusanyaji wa Ulaya wanaotaka uso safi. Mimi nazipenda, na nakushauri uzitumie kununua kwa nafuu.

Kuhusu bandia, naanza na mimi mwenyewe. Miaka mingi nyuma, nikiwa safarini, mfanyabiashara mmoja alinionyesha rupia ya Jahangir yenye picha ya mnyama wa nyota, buruji ya Simba. Zile za kweli za fedha zilipigwa Ahmadabad, mwaka 1027 Hijria, na ni adimu kiasi kwamba makumbusho makubwa huziweka mbele. Nami nikajiambia bahati imeniangukia. Nililipa mshahara wa miezi miwili. Nilipofika nyumbani nikaipitisha kioo ukingoni: mstari mwembamba umezunguka sarafu nzima, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Sarafu iliyopigwa kwa nyundo haina mshono. Ina nyufa ndogo za ukingoni, herufi zake zimesimama kwa makali, na uwanja kati ya herufi ni laini. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vya hewa na herufi zake ni za mviringo kama sabuni iliyotumika. Ile yangu bado ninayo. Huitoa kuwafundishia vijana.

Kwa hiyo ya buruji usinunue kabisa, mwanangu, kwa bei yoyote. Rupia za mraba za Akbar nunua kwa tahadhari, maana mafundi wa India wamezinakili muda mrefu kwa ajili ya hirizi na vidani, na nyingi zina tarehe zisizo na maana. Rupia nzito kupita kawaida isikutishe kabla hujasoma jina: Jahangir, miaka yake ya mwanzo, aliongeza uzito kwa moja ya tano na baadaye robo, zikafika gramu 13 na hata 14, kisha akarudi kwenye kipimo cha zamani.

Kipimo cha sonara cha maji unaweza kukifanya mwenyewe kama mizani yake inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu kavu. Weka bilauri ya maji kwenye mizani, irudishe sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini, soma namba. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Sarafu ya gramu 11.4 inayosoma 1.10 majini inakupa 10.36, na fedha nzuri ni 10.3 hadi 10.5. Shaba ya njano itakupa kama 8.5. Kwa yako matokeo yatayumba kidogo kwa sababu ya risasi ya kipete, usishtuke.

Kuhusu pa kununua, tahadhari na India kwenyewe. Sheria yao ya mambo ya kale ya mwaka 1972 inakataza kutoa nje bila kibali sarafu yenye zaidi ya miaka 100. Muuzaji atakayekuambia "naituma kwa posta, hakuna shida" anakuachia wewe shida. Sarafu zilizokwisha kuwa nje zamani zipo nyingi London na Marekani, na kwa mnada mdogo mdogo unaweza kupata kwa bei ya haki, alimradi wakupe risiti inayoeleza sarafu kwa jina la mfalme, karakana na tarehe. Kabla ya kulipa, fungua picha za mkusanyo wa British Museum kwenye intaneti, tafuta mfalme yule na mji ule, ulinganishe mpangilio wa maneno. Unaweza kukesha humo usiku mzima, nimekuonya.

Kutunza Mombasa ni kupigana na chumvi. Usitie kwenye mifuko ya plastiki laini inayonuka, inaacha utando wa kijani unaonata. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi zinafaa, ndani ya kopo linalofunga vizuri, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye makasha ya viatu usivitupe. Shika sarafu kwa ukingo. Andika kwenye bahasha ulinunua wapi, lini, kwa kiasi gani.

Sonara mwambie ahsante, lakini asiiguse. Kuisugua kwa magadi au dawa ya mswaki kunakwangua ngozi ya juu, na weusi ule wa zamani haurudi. Mnunuzi yeyote anayejua atatoa bei ya chini. Kipete nacho kikitolewa, moto utaacha doa na risasi itabaki ukingoni. Kweli, sarafu yenye kipete ina bei ndogo kuliko isiyo nacho, lakini wewe umesema huiuzi. Kiache. Ila mpe uzi na bilauri akupimie hiyo ya majini, na ukishapata namba niandikie, pamoja na picha ya upande wa mwezi mpevu. Nataka kuona kama sarraf wa Surat alipita hapo.